Kinyonga hazoei mtu, anazoea mahali

Swali ninaloulizwa kuliko yote kuhusu Somoe, kinyonga jike niliyemtunza, ni kama alinizoea. Hakunizoea. Alifika kwangu Mtwara mvua zikiwa zinaishia, akapona mguu, akataga mayai, akarudisha mwili wake, na hadi asubuhi ya kuondoka alikuwa bado ananifungulia kinywa na kufoka kila nilipopitisha mkono karibu na tawi lake. Kwangu mimi hayo ni maisha mema kati ya mtu na kinyonga. Alichozoea ni kitawi cha mpera kilichokuwa juu kabisa upande wa kushoto, jua la saa mbili asubuhi, na matone ya maji yaliyoanza kudondoka wakati uleule kila siku. Mnyama huyu hashikamani na mtu, anashikamana na mahali, na karibu kila kitu unachotakiwa kumfanyia kinatokana na hilo.

Aliyemleta ni binti wa dada yangu. Walikuwa wanafyekea mikorosho ya mjomba huko Newala, panga likapita kwenye kichaka na kumjeruhi mguu wa mbele. Vijana walitaka kummaliza palepale. Kwetu kinyonga anaogopwa: huyu atasema mate yake ni sumu, yule atasema ukimkuta njiani safari imeharibika. Sumu hana. Ukimlazimisha atakubana kidole, na mwisho wa shari yake ni hapo. Aliyewazuia ni bibi yetu, Myao wa upande wa Masasi. Wayao wana simulizi kongwe kwamba kinyonga ndiye aliyewapata watu wa kwanza. Alisuka mgono wa kuvulia samaki akautega mtoni, na asubuhi moja akakuta ndani yake mwanamume na mwanamke, viumbe asiowahi kuwaona, akawapeleka kwa Mulungu, naye akaambiwa awaweke chini wakue. Bibi akawaambia vijana, "Huyu alitutoa majini, nyie mnamtia panga?" Wakaweka mapanga chini.

Kabla sijaeleza matunzo, niseme jambo la sheria, maana najua watakaosoma hapa wapo watakaotaka kwenda kichakani leo jioni. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata mnyamapori bila kibali, na kinyonga ni mnyamapori hata kama anakaa kwenye ua wa jirani. Vinyonga walikuwa miongoni mwa wanyama wanaouzwa nje kwa wingi kutoka nchi hii, hadi mwaka 2016 Serikali iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai. Nilikwenda ofisi ya maliasili nikiwa na picha ya jeraha kwenye simu. Afisa aliyenipokea alinisikiliza vizuri, akaandika maelezo yangu, akanikubalia nimtunze mpaka apone, kwa sharti kwamba arudi alikotoka. Kama wewe umempata kwa kibali, utakaa naye muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi. Matunzo ni yaleyale.

Safari ya kutoka Newala alisafiri ndani ya kikapu kilichofunikwa kanga, na ndani mlikuwa na tawi la kushika. Giza linamtuliza kinyonga. Miguu yake imegawanyika vidole viwili upande mmoja na vitatu upande mwingine ili akumbatie kijiti, na asipopata cha kukumbatia anahangaika kuliko unavyodhani. Binti alikuwa na hamu ya kumchungulia kila kituo. Nilimsihi kwa simu, "Mwanangu, mwache hivyohivyo mpaka mfike," naye akanisikiliza.

Alipofika alikuwa mweusi karibu mwili mzima, macho yamebonyea ndani. Weusi ule ulikuwa wa baridi, hofu na maumivu, na macho yaliyobonyea ni kiu. Tulimweka kwenye kizimba, tukamwashia matone, tukaondoka. Nasisitiza neno hilo, tukaondoka. Siku za mwanzo mtu anayempenda mnyama wake anatamani kumkaa karibu, ambembeleze, ahakikishe amekula. Kwa kinyonga, jicho linalomtazama ni la mwewe au la nyoka. Macho yake mawili yanazunguka kila moja kivyake, kwa hiyo anakuona hata ukinyata kutoka nyuma, na muda wote anaokuona hali wala hanywi. Tuliingia asubuhi kuweka wadudu na maji, na jioni kusafisha. Basi.

Kizimba nilikitengenezesha kwa fundi seremala: fremu ya mbao, kimo chake kinanifikia kifuani, kimezungushiwa wavu laini wa plastiki. Wavu wa chuma wenye ncha unakwaruza kucha na mdomo, na tangi la kioo linanasa joto na unyevu na kumwonyesha sura yake mwenyewe, ambayo yeye anaichukulia kuwa kinyonga mwingine aliyemvamia. Ndani tuliweka mpera mdogo kwenye ndoo, na vijiti vya unene tofauti vilivyolala na vilivyopanda. Nilitaka apate pa kujificha kabisa nisimwone. Watu wengi wanapunguza majani ili wamfurahie mnyama wao, kumbe kinyonga mwenye pa kujificha ndiye anayethubutu kutoka. Kizimba chote tukakipandisha juu ya meza barazani, upande wa mashariki, kiasi kwamba yeye akiwa juu anatutazama akiwa ametuzidi kimo. Hatari nyingi kwake hutoka juu, na mkono unaomshukia kichwani unamtisha kuliko ule unaotokea chini mbele ya kifua chake. Ikibidi umsogeze, weka kijiti au kiganja mbele ya miguu na umsubiri apande mwenyewe. Kumng'oa kwenye tawi ni kumuumiza vidole.

Huku kusini kuna adui mmoja ambaye maelekezo ya wenzetu wa ng'ambo hayamtaji: maji moto. Ni wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota juu ya miembe na mikorosho. Wakulima wanawapenda kwa sababu wanawawinda mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi yake, lakini kinyonga aliyefungiwa hana pa kukimbilia wakimvamia. Kwa hiyo kizimba kisining'inizwe juu ya mti, na miguu ya meza isimame ndani ya makopo yenye maji. Sisi tulifanya hivyo tangu mwanzo, pamoja na kuhakikisha hakuna tawi la nje linalogusa wavu. Kunguru na paka wa jirani walijaribu bahati yao pia. Wavu uliwazuia, na pazia la kanga upande wa njia likawazuia wasimkodolee macho.

Jua la Mtwara ni mali, na ni bure. Wanaofuga vinyonga nchi za baridi wananunua taa za pekee zinazotoa mionzi ya jua ya UVB, kwa sababu bila mionzi hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, na bila D3 kalsiamu haiingii kwenye mifupa. Mifupa inalainika, miguu inapinda, taya linalegea, na ulimi haurushwi tena. Mionzi hiyo haipenyi kioo cha dirisha, kwa hiyo kumweka sebuleni karibu na dirisha lenye vioo ni kumpa joto bila faida yenyewe. Barazani Somoe alipata jua lenyewe asubuhi na tena jioni. Hata hivyo, jua letu hilohilo linaua. Saa sita mchana nusu ya kizimba au zaidi lazima iwe kivulini, na awe na uwezo wa kuchagua mwenyewe. Asubuhi nilimwona ameubapiza mwili wake ukawa mpana na mweusi, ubavu umeelekea jua, anavuta joto. Akishatosheka anakuwa kijani na kujirudisha majanini. Akiwa amepauka na kinywa wazi mchana, joto limemzidi, na hapo unamsogeza na kumnyunyizia maji bila kungoja. Usiku hataki taa wala televisheni karibu. Hulala akiwa kijani cha kupauka, mkia umejikunja, na tochi ikimmulika anang'aa kuliko majani yote.

Wengi wanaamini anabadili rangi ili afanane na alipokaa. Kufanana na majani kunamsaidia, lakini mabadiliko mengi unayoyaona ni ya joto, hofu, hasira na ujauzito. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba kinyonga chui wa Madagaska hubadili rangi kwa kurekebisha nafasi kati ya fuwele ndogo mno zilizomo kwenye seli za ngozi yake, na mwanga unaorudi unakuwa wa rangi nyingine. Kwa mlezi, rangi ndiyo taarifa ya asubuhi. Niliitazama kabla ya kitu kingine chochote.

Maji. Kinyonga hana habari na bakuli. Wengi hawayatambui maji yaliyotulia, wanalamba umande na matone yanayotikisika majanini. Newala, juu ya uwanda wa Makonde, asubuhi nyingi zina ukungu na majani yanaamka yameloa, ndivyo alivyokuwa akinywa. Nilinunua mpira wa dripu mpya duka la dawa, nikauunganisha na chupa ya maji niliyoining'iniza juu ya kizimba, nikaufungulia kidogo ili tone lidondoke polepole juu ya jani, kutoka jani hilo hadi jingine, na mwisho kwenye beseni chini. Mpira ule una kigurudumu cha kupunguza mwendo, na kazi hii unaifaa kabisa. Asubuhi na jioni tulinyunyiza pia kwa chupa ya spreyi kama za saluni, mpya, isiyowahi kuwekwa dawa. Anakunywa taratibu, wakati mwingine robo saa nzima, kwa hiyo kunyunyiza mara moja na kuondoka hakumtoshi. Lakini majani lazima yakauke kati ya mnyunyizo mmoja na mwingine. Penye unyevu usiokauka na hewa isiyopita, mapafu yanaugua, na dalili zake ni kuinua kichwa juu muda mrefu, kuhema kinywa wazi pasipo joto, na mapovu mdomoni. Ukitaka kujua kama maji yanamtosha, tazama choo chake: ile sehemu ngumu iliyo kama chaki iwe nyeupe. Ikigeuka njano iliyokolea au rangi ya machungwa, ana kiu.

Chakula ndipo tulipohangaika, na sababu yake ni korosho. Kuanzia Juni, mikoa yetu hii inaingia msimu wa kupuliza. Salfa ya kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, inapepea kila upande, na baada yake dawa za kuua mbu wa mikorosho. Panzi uliyemkamata chini ya mkorosho uliopulizwa jana anaonekana mzima, anaruka, lakini anabeba kile alichokikanyaga na kukila, na kinyonga anayekula panzi wengi anajikusanyia vyote tumboni mwake. Binti alikuwa na moyo, kila mtu aliyekuja kutoka shamba alitaka atuletee chupa ya panzi. Nilikataa zote. Tulikamata nyenje uani kwetu usiku, nondo na panzi kwenye majani ya uwanja wa mpira ambako hakuna anayepuliza, na nyenje wengine tukawafuga kwenye ndoo yenye trei za mayai. Kumbikumbi walipotoka na mvua za mwisho alipewa wachache, maana wana mafuta mengi. Wale panzi wenye rangi kali wanaojazana kwenye mihogo na kutoa harufu mbaya hakupewa kabisa. Vimulimuli pia hapana, baadhi yao wana sumu inayoua jamii ya mijusi.

Mdudu mwenyewe ana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo kinyonga anaweza kushiba kila siku na mifupa ikaisha. Tiba ni kumlisha mdudu kwanza. Nyenje wetu walikula majani ya mlonge, karoti na matembele. Mchicha tuliuacha, una asidi inayoifunga kalsiamu isitumike. Halafu kuna ule mfupa mweupe, mwepesi, wa dome, yule wa jamii ya ngisi, ambao maji kupwa yanauacha ufukweni Shangani na Mikindani. Umejaa kalsiamu. Tuliuosha, tukauanika, tukautwanga hadi ukawa unga laini kama poda, na nyenje walitikiswa ndani ya unga huo kidogo kabla ya kuwekwa kizimbani. Walikaa kwenye kopo lenye kuta laini lililofungwa chini ya tawi lake ili wasitawanyike, kwani nyenje waliobaki usiku wanaweza kumng'ata kinyonga aliyelala. Asipokula siku ya kwanza, usimfungue kinywa kwa nguvu. Somoe alianza pale alipoamini kwamba hakuna mtu barazani. Nilisikia tu mlio mdogo wa ulimi, nikiwa jikoni.

Daktari wa mifugo alinieleza wazi kwamba anaowaona kila siku ni mbuzi na kuku. Lakini alilisafisha jeraha kwa ayodini iliyochanganywa na maji hadi ikawa rangi ya chai, akanifundisha kurudia hivyo bila kukausha kwa pamba inayoacha nyuzi. Akanikataza nisije nikachukua dawa ya kuku dukani nikakadiria mwenyewe, maana kipimo cha mnyama mdogo namna ile kikikosewa kidogo tu kinaua. Aliomba choo, akakitazama kwenye hadubini, akaona mayai ya minyoo. Mnyama wa porini mwenye minyoo si habari. Anayesongwa na hofu ndiye minyoo humzidi nguvu. Alimpima kwenye mizani ndogo ya jikoni, akampa dozi kulingana na uzito, na tangu hapo tulikuwa tunampima mara kwa mara, akiwa kwenye kijiti, bila kumshika. Uzito unasema mapema kuliko macho.

Ni mizani hiyo iliyotutangulizia habari. Uzito ulipanda haraka, mwili ukavimba chini kwa vinundu, madoa ya njano yakajitokeza kwenye ngozi iliyokolea, na akaanza kufanya jambo ambalo kinyonga mwenye afya halifanyi hivihivi: akashuka sakafuni na kutembea huku na huko. Alikuwa na mimba tangu Newala. Aina yake, Chamaeleo dilepis, hutaga chini ya udongo mwishoni mwa mvua, na anaweza kutaga mayai 20, 40 au zaidi kwa mara moja. Asipopata pa kuchimba anayazuia, na mayai yakikwama anakufa. Hili hutokea hata kwa jike ambaye hajawahi kuona dume, kwa hiyo kila mwenye jike awe na ndoo ya udongo tayari.

Mchanga wa Mtwara peke yake unaporomoka. Tuliuchanganya na udongo mwekundu wa Newala, tukaulowesha kiasi cha kufinyangika bila kutoa maji, nikatoboa kwa kidole kuona kama tundu linasimama. Ndoo ya lita 20, udongo umejaa zaidi ya nusu. Tukaining'inizia kanga kuzunguka kizimba chote, nikaitangazia nyumba nzima kwamba barazani hapapitwi, wageni waingilie mlango wa uani. Akigundua anatazamwa wakati anachimba, analiacha shimo na huenda asilirudie. Binti alitaka sana kuona. Nikamwambia, "Utaona mayai siku nyingine, leo mpe nafasi." Akaniitikia, "Haya, mamdogo," akakaa jikoni na mimi tukichambua choroko. Jioni Somoe alikuwa juu ya tawi lake, amekonda, ubavu umeingia ndani, kichwa kimejaa udongo, na juu ya ndoo udongo umesawazishwa na kushindiliwa. Kwa siku zilizofuata dripu ilifunguliwa muda mrefu zaidi na nyenje wakaongezwa, wote wamepakwa unga wa dome. Hapo wengi huwapoteza majike wao, wakidhani hatari imepita kwa sababu mayai yametoka.

Mguu ulikuwa umeshafunga. Aliushikia kijiti akiwa amepungukiwa kidole kimoja, na alirusha ulimi bila kukosa. Nilirudi ofisi ya maliasili kuwaeleza kuhusu mayai, tukakubaliana mama na ndoo virudi Newala pamoja. Ndoo ilisafiri wima, imepakatwa, maana mayai ya kinyonga hayatakiwi kugeuzwa. Tulimwachia asubuhi, jua likiwa limeshika, ili apate siku nzima ya kujipasha moto na kutafuta pa kulala kabla ya giza.

Kilichobaki kilikuwa kuzungumza na mjomba, kwa sababu kichaka alimotoka kiko mpakani mwa shamba lake, na shamba lile linapulizwa kila mwaka na mpaka ule huchomwa moto kila kiangazi. Mayai ya aina hii yanaweza kukaa ardhini miezi kumi, hadi mvua nyingine. Nilimweleza yote kama nilivyoeleza hapa. Bibi alikaa pembeni akisikiliza. Mjomba akauliza kichaka kina ukubwa gani, tukaenda kukipima kwa hatua, akakata vijiti akavisimika kuzunguka pale tulipofukia udongo wa ndoo, na wavu juu yake kuwazuia kuku. Safu mbili za mikorosho zilizo karibu na mpaka alikubali zisipulizwe kwa bomba upepo ukiwa unaelekea kichakani. Kuhusu moto aliwaita vijana walewale wa mapanga, akawaagiza wafyeke mkuza wa kuzuia moto kuzunguka kichaka kabla Agosti haijaingia, na kiberiti kisiguse upande ule hadi mvua zianze.